Seti ya kifyatulio ya Mossberg 500 imeingia kwenye Maverick 88. Itumike?

Mlinda Ghala
Wakuu, habari za jioni. Lindo la ghala huku Igogo, Mwanza, lina shotigani mbili za pampu (unakoki kwa kuvuta mkono wa mbele ulio chini ya mtutu), zote geji 12: Maverick 88 na Mossberg 500. Ile 500 mtutu umeliwa na kutu, imeshaondolewa kazini. Ile 88 nzima, ila plastiki inayobeba kifyatulio imepasuka karibu na tundu la pini.

Seti nzima ya kifyatulio ya 500, yaani kifyatulio, nyundo na springi zake, imejaribiwa kwenye bodi ya 88, lile kasha la chuma linalobeba vipande vya ndani. Imeingia bila kulazimishwa, pini imepita, mkono wa mbele unakwenda na kurudi, nyundo inapiga. Seti halisi ya 88 itachukua muda kufika. Kuna ubaya gani ikitumika hii hii kwa sasa?

Fundi Nyakato
Mkuu, hiyo bunduki sasa haina sefti, yaani kizuizi cha kufyatua. Ishike uitazame.

Kwenye Mossberg 500 sefti haimo kwenye seti ya kifyatulio. Imo kwenye bodi, ile swichi iliyo juu mgongoni, unapofika dole gumba. Ukiisukuma mbele doti nyekundu inaonekana, maana yake bunduki iko tayari kupiga. Ukiirudisha nyuma, inazuia kifyatulio. Kwenye Maverick 88 mambo ni kinyume: bodi haina kitu mgongoni, sefti ni kitufe cha kusukuma pembeni kilichopachikwa kwenye plastiki ileile ya kifyatulio, na duara jekundu likionekana ndiyo iko tayari kupiga.

Kwa hiyo umetoa seti yenye sefti ukaweka isiyo nayo, kwenye bodi isiyo nayo. Kitu kimeingia vizuri kwa sababu bunduki hizi mbili ni za kampuni moja na vipande vingi vinaingiliana, kama mitutu na vitako. Watu wanazoea hilo, wanadhani na kifyatulio ni hivyohivyo. Hiki ndicho kisichoingiliana.

Usiirudishe lindoni.

Zamu ya Usiku
Fundi, naomba kupinga kidogo. Lindoni utaratibu ni chemba tupu, yaani hakuna risasi nyuma ya mtutu, risasi zinakaa kwenye magazini tu. Hadi mlinzi avute mkono wa mbele hakuna risasi ya kulipuka. Sefti hapo inasaidia nini?

Fundi Nyakato
Chemba tupu ni utaratibu mzuri na uendelee. Lakini sefti kazi yake inaanza pale utaratibu unapoishia. Mlinzi amesikia kishindo saa nane usiku, amevuta pampu, risasi iko chembani. Kumbe ni mbwa. Sasa anatakiwa kuitoa ile risasi, gizani, mikono inatetemeka, pengine mwenzake amesimama mbele yake. Kwenye 88 iliyo kamili anasukuma kitufe kwanza, kisha anabonyeza kipande cha kufungulia mkono wa mbele na kuuvuta pole pole. Kwenye hiyo yenu anafanya yote hayo na nyundo imekokiwa bila kizuizi chochote.

Tena mazoea ya kidole ni hatari yenyewe. Aliyezoea 500 atapapasa mgongoni asikute kitu. Aliyezoea 88 atatafuta kitufe asikione. Kila mmoja atadhani amefunga.

Jambo la pili ni kuanguka. Viwanda vya Marekani hupima shotigani kwa viwango vya SAAMI, chama cha watengenezaji wa silaha na risasi huko. Bunduki iliyokokiwa, sefti imefungwa, inaangushwa kutoka futi 4, yaani kama mita 1.2, kwenye mpira mgumu. Kisha kuna kipimo cha mtikisiko ambapo sefti iko wazi na inaangushwa inchi 12 tu. Haitakiwi kupiga. Vipimo hivyo vimefanywa kwa bunduki yenye vipande vyake. Mchanganyiko wa ghalani hakuna aliyeupima.

Bandari Kusini
Naongeza hapo kwenye "imeingia bila kulazimishwa". Si kipimo cha chochote. Angalieni Remington 870 na Remington 1100. Ya kwanza ni pampu ya mwaka 1950, ya pili inajikoki kwa gesi, ya mwaka 1963. Seti zake za kifyatulio ni kurwa na doto, zote zinashikwa na pini mbili. Lakini ya 870 ina kipande upande wa kushoto chenye kazi mbili: kinafunga mkono wa mbele bunduki ikishakokiwa, na kinakata mawasiliano kati ya kifyatulio na jino linaloshika nyundo mpaka mkono ufike mbele kabisa. Anayechanganya vipande vya ndani kwa sababu tu vinafanana anaweza kuondoa moja ya kazi hizo bila kujua, na mezani asione tofauti.

Na kumbukeni sefti ya 870 inazuia kifyatulio peke yake, haishiki nyundo wala jino. Jino likiwa limelika, sefti iliyofungwa haisaidii.

Mlinda Ghala
Nimeelewa, nashukuru. Nimeitazama, kweli hakuna sefti popote. Je, nyundo, jino na springi za 500 zikihamishiwa kwenye plastiki ya 88 baada ya ufa kuzibwa kwa gundi ya chuma?

Fundi Nyakato
Hapana kwa yote mawili.

Gundi: tundu la pini ndilo linalobeba seti nzima. Kila risasi ya geji 12 inapiga teke, ufa unafunguka tena, na seti ikishuka hata kidogo vipande havikutani panapotakiwa.

Nyundo na jino: vinashikana kwenye ukingo mwembamba sana, na vimelika pamoja kwa miaka. Ukitenganisha jozi, ukingo mmoja unakaa juu ya mwingine kwa mshazari. Hapo ndipo wengine huchukua tupa au msasa "kusawazisha". Chuma kile ugumu wake mara nyingi uko juu juu tu. Ukikwangua, unafika kwenye chuma laini, kinalika haraka, na siku moja nyundo inaachia yenyewe mlinzi akigongesha kitako sakafuni. Kifyatulio kilichokuwa chepesi ghafla si kizuri, ni dalili.

Na kabla ya kuhukumu springi, safisha. Huku ziwani unyevu unawafanya watu wapake grisi nzito, inakamata vumbi, jino linachelewa kurudi mahali pake. Mafuta ya taa, mswaki, hewa ya kompresa, kisha tone moja la mafuta mepesi. Vifyatulio vingi "vibovu" vinaponea hapo.

Zamu ya Usiku
Sawa, nimekubali hoja ya sefti. Seti halisi ikifika, mtu anajuaje imekaa sawa?

Fundi Nyakato
Afunge fundi mwenye leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya 2015 kutengeneza silaha si kazi ya kila mtu. Lakini mtunza silaha asimame aone. Risasi zote ziko chumba kingine, chemba imetazamwa na kupapaswa kwa kidole, magazini vilevile.

Sefti imefungwa, bonyeza kwa nguvu: kimya. Toa kidole, fungua sefti bila kugusa kifyatulio: bado kimya. Wengi hawafanyi hili la pili, na ndilo linalofichua jino lililosogea. Bonyeza: nyundo ipige mara moja. Endelea kushikilia kifyatulio, vuta na urudishe mkono wa mbele: nyundo ibaki imekokiwa. Kisha bonyeza kipande cha kufungulia, rudisha mkono nyuma kama sentimita 2, jaribu kufyatua: isipige. Mwisho, risasi bandia nne au tano zipite kutoka magazini hadi nje.

Zikitoka mbili mbili au zikinasa chini, msilaumu seti mpya. Kwenye familia hii kuna vipande viwili virefu vyembamba ndani ya bodi vinavyozuia risasi za magazini, na kinachovishikilia ni seti ya kifyatulio yenyewe. Ukiitoa vinadondoka. Aliyefunga atakuwa amekosea hapo.

Na seti ikiwa nje ya bodi, asiifyatue mtu kujifurahisha. Nyundo inapiga plastiki kwa nguvu zote. Ufa wenu pengine ulianzia hapo.

Mlinda Ghala
Basi naitoa leo. Seti ya 500 irudi kwenye 500?

Fundi Nyakato
Irudi, na ile 500 ifungiwe kando. Ile 88 iache bila seti kabisa, karatasi ifungwe kwenye mtutu na iandikwe kwenye daftari la makabidhiano. Bunduki yenye seti ndani, hata mbovu, zamu ya usiku itaichukua.