Tupeane uzoefu: waya wa spika za homu thieta uliwahi kukutenda nini?

Baba Kijoti (Tabata)
Wakuu, poleni na mihangaiko. Uzi huu nimeuanzisha baada ya kujicheka mwenyewe.

Mwaka jana tulihama nyumba, homu thieta nikaifunga upya mimi mwenyewe, spika tano na sabufa yake. Tangu siku hiyo besi ikapotea. Ukikaa kwenye kochi hamna kitu. Ukasimame kule kwenye kona ya pazia, unaisikia. Mtu akiongea kwenye filamu, sauti kama inatokea nyuma ya masikio yako. Nikalaumu chumba, nikalaumu vigae, mwisho nikaipiga picha niiuze. Mnunuzi, kijana tu wa chuo, akainama nyuma ya spika ya kushoto: "Mzee, mbona hasi umeichomeka kwenye nyekundu ya chanya?" Akageuza. Besi ikarudi palepale. Sikumuuzia tena, nikampa nauli na soda.

Kumbe spika moja ikiwa kinyume, yenyewe inavuta hewa wakati mwenzake anasukuma, besi zinakulana. Mimi waya zangu zote nyeupe, kile kimstari chembamba cha kutofautisha chanya na hasi kwenye ganda la upande mmoja nilidhani ni urembo.

Haya, nani mwingine?

Fundi wa Igoma (Mwanza)
Mkuu, hiyo haijakukuta peke yako. Kama mstari umefutika, tumia betri ya rimoti, ile ya volti 1.5. Chomoa waya upande wa ampli, yaani mashine inayokuza sauti, gusisha betri kwenye ncha hizo mara moja tu, usishikilie, huku mwenzako anatazama karatasi ya spika kubwa. Ikiruka nje, waya ulioshika chanya ya betri ndio chanya. Ikizama, geuza. Kwa tuita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, hutaona kitu, usijisumbue.

Ila kinacholeta wateja kwangu ni unyuzi mmoja. Mtu anakuja na resiva, yaani mashine yenyewe, kwapani, "fundi imekufa, inawaka sekunde mbili inaandika PROTECT", maana yake imejizima kujikinga. Nawasha mezani bila spika, nzima kabisa. Namfuata nyumbani, nakuta alichuna waya kwa meno, nyuzi zimechanua kama ufagio, mmoja umevuka ukagusa waya wa pili. Chuna sentimita moja tu, sokota nyuzi zikaze, ndipo uingize. Na mashine izimwe na ichomolewe ukutani kwanza, jamani.

Mke wa Nahodha (Zanzibar)
Assalaam aleykum. Sisi tunakaa Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa, nene hasa. Fundi wa kwanza alitoboa akakata tamaa katikati, tundu lipo mpaka leo, nimelifunika kwa picha ya babu. Mwisho tukapitisha waya juu, kando ya boriti, tukazibana kwa vipande vya ngozi. Hazionekani ila umwambie mtu atazame.

Tabu yetu ni hewa ya bahari. Spika za nyuma zilianza kukwaruza, nikachomoa ncha, shaba imekuwa kijani. Sasa kila nikihisi mkwaruzo nakata kipande kidogo, nachuna upya. Kwa hiyo acheni waya wa ziada nyuma ya spika, msiupime ukaisha hapo hapo.

Tena sabufa ikawa inavuma "mmmm" hata filamu haijaanza. Waya wake tuliufunga pamoja na waya wa umeme wa feni.

Fundi wa Igoma
Dada, huo wa sabufa unabeba mawimbi madogo yasiyokuzwa bado, ndiyo maana unadaka mvumo wa umeme. Utenge, na pakibidi kukutana, uvuke kama msalaba, usilale sambamba.

Mtu wa Feri (Likoni)
Mie nilikata plagi zote za rangi ili waya zipite kwenye kitundu. Kisha nikaunga kwa kubahatisha. Mlango ukigongwa kwenye filamu, mie nageuka dirishani! Nisaidieni.

Kijana wa Mabibo
Panya. Sina la kuongeza.

Bosi Mpole (Arusha)
Mimi nilipigwa. Nilinunua waya mnene, ganda linang'aa, nikaambiwa shaba tupu. Nikaukwangua kwa wembe, ndani mweupe: alumini iliyopakwa shaba. Tangu hapo nimebadilisha, nanunua ule wa bei kali kabisa wenye ncha za dhahabu.

Fundi wa Igoma
Hapo mkuu umepigwa mara mbili. Tazama hesabu. Spika iko mita 15, umeme unakwenda na kurudi, jumla mita 30. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 utakuwa na ukinzani, yaani kiasi unachouzuia umeme, wa kama omu 1. Spika ya omu 4 hapo inapoteza sehemu moja kati ya tano ya nguvu njiani. Weka wa 2.5, ukinzani unashuka hadi omu 0.2 hivi. Hiyo tofauti ni ya unene. Dhahabu haipati kutu, basi. Na kwa mita 3, waya wa 1.5 wa shaba halisi unatosha kabisa.

Mtu wa Feri, zitazame rangi za matundu mgongoni mwa mashine. Nyingi huwa hivi: nyeupe mbele kushoto, nyekundu mbele kulia, kijani katikati, buluu nyuma kushoto, kijivu nyuma kulia, zambarau sabufa. Kisha tafuta sauti ya majaribio kwenye rimoti, ile "shhh" inayozunguka spika moja moja.

Baba Kijoti
Bosi Mpole, zile zenye dhahabu ukizichoka nipo Tabata.

Mtu wa Feri
Ahsante kaka. Buluu na kijivu ndizo zilizopishana, na ya katikati nilikuwa nimeipeleka mbele kulia. Sasa mlango unagongwa mlangoni. Mama watoto ameinuka kwenda kufungua.