Nywele zinakatika baada ya blichi na rangi: je, zinaweza kurudi zilivyokuwa?

Binti wa Ntinda:
Ndugu zangu, naombeni msaada. Kwa miaka minne nimekuwa nikitia dawa ya kulainisha nywele, na mwezi uliopita, kwa ajili ya kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) ya dada yangu, nilipakwa blichi katika saluni moja hapa Kampala, kisha wiki moja baadaye nikatiwa rangi ya shaba kwa kuwa ule umanjano haukunipendeza. Sasa nywele zikilowa zinavutika kama mpira na kukatikia mkononi, na zikikauka zinakwaruza kama nyasi za kiangazi. Nimejaribu mayai na parachichi bila mafanikio. Je, kuna tiba? Nauliza kwa uchungu, kwani zilikuwa zimenifika mabegani.

Msusi wa Wandegeya:
Pole sana, dada. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai, kwa hiyo hauponi kama kidonda kinavyopona; kinachowezekana ni kuutunza usikatike mpaka mwingine uote. Blichi hufungua magamba ya unywele ili peroksidi ivunje rangi ya asili iliyomo ndani, na papo hapo huvunja vifungo vya salfa vinavyoipa keratini, yaani protini inayojenga unywele, nguvu yake. Dawa ya kulainisha hushambulia vifungo hivyo hivyo, ndiyo maana mimi humkatalia blichi mteja mwenye nywele zenye dawa, hata akiniongezea pesa. Je, walikuambia nguvu ya peroksidi? Ya volyumu 20 ina asilimia 6, lakini ya volyumu 40 ina asilimia 12, na hiyo haikufaa kabisa kwa nywele zako. Kwa sasa acha dawa, rangi, pasi na draya ya moto. Osha kwa shampuu isiyo kali, kisha chana kwa kitana cha meno mapana ukianzia kwenye ncha, kondishona ikiwa bado kichwani.

Mama Amina, Arua:
Nakubaliana na msusi, ila kuhusu mayai, mwanangu, usijisumbue, kwa sababu protini ya yai ni kubwa mno kupenya. Inayofaa ni ile iliyovunjwavunjwa kiwandani, tena kwa kiasi, maana ikizidi nywele hukakamaa na kukatika upya. Mafuta ya nazi yakipakwa saa chache kabla ya kuosha huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea majini. Mafuta ya shea tunayoyapata huku kaskazini, ambayo Waacholi huyaita moo yao, kazi yake ni nyingine: hufunika unyevu usitoke, kwa hiyo yapake nywele zikiwa bado na majimaji. Ukiyapaka juu ya nywele kavu, zitabaki kavu vilevile huku zikimeta.

Binti wa Ntinda:
Asanteni sana. Hawakuniambia nguvu ya peroksidi, nami sikujua kwamba inafaa kuuliza. Nilikuwa nafikiria kusuka rasta ili nizifiche, ingawa nyuma ya masikio kuna vidonda vidogo vinavyowasha.

Msusi wa Wandegeya:
Tafadhali usisuke. Uzito wa rasta utazing'oa nywele dhaifu, na msuko unaovuta unaweza kuharibu hata mizizi, ambayo ndiyo tegemeo lako. Vidonda hivyo vionwe kwanza na daktari wa ngozi, wala usivipake mafuta yoyote kabla ya hapo.

Mama Amina, Arua:
Nami nakushauri ukate. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, hivyo kabla ya mwaka kwisha utakuwa na nywele mpya zinazoweza kushikwa. Wengi wetu tulisoma shule za bweni tukiwa tumenyolewa na hatukukosa uzuri. Kama kukata zote kwa mara moja ni kugumu kwako, punguza ncha kila baada ya wiki sita, ukianza na sehemu ile inayovutika kama mpira, kwa sababu hiyo haiwezi kuokolewa.