LPN kwenda RN hapa Minnesota: nianze na ADN au niende BSN moja kwa moja?

MamaZawadi:
Habari za majukumu, wanajamvi. Nina leseni ya LPN (nesi wa vitendo, ngazi ya chini ya RN) na grini kadi, nataka kuwa RN (nesi aliyesajiliwa), na sasa nafanya zamu za wikendi kwenye nyumba ya wazee. Chuo cha jamii kilicho karibu kinawavusha LPN kwenda ADN (stashahada ya uuguzi), chuo kikuu kimoja kinatoa BSN (shahada ya kwanza ya uuguzi) ya miaka mitatu, na kuna cha mtandaoni kinachosema nitamaliza haraka. Anatomia na fiziolojia nilisoma 2016. Nishike njia ipi?

NesiWaKaskazini:
Dada, ada iache kwanza. Ingia tovuti ya Bodi ya Uuguzi ya Minnesota uone kama inakitambua chuo hicho na wahitimu wake wanafaulu NCLEX-RN, yaani mtihani wa leseni ya RN, kwa asilimia ngapi mara ya kwanza. Hicho cha mtandaoni kichunguze mara mbili. Januari 2023 serikali ya Marekani iliwashtaki watu waliouza diploma bandia zaidi ya 7,600 kupitia vyuo vya Florida, na baadhi ya walionunua walifutiwa leseni walizokwisha kupata. Uliza pia ithibati: kwa ADN utafute ya ACEN au CNEA (mashirika yanayothibitisha programu za uuguzi), maana shirika la CCNE linahusika na BSN kwenda juu. Bila ithibati, BSN utaisotea baadaye.

Zamu_ya_Usiku:
Mimi nasema ADN. Mtihani ni uleule, leseni ni ileile, na kwa LPN huchukua kama mwaka mmoja hadi mwaka na nusu ukishamaliza masomo ya awali. BSN utaisoma ukiwa tayari unalipwa kama RN. Mwajiri anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kodi. Ila usome mkataba, mara nyingi ukiondoka mapema unadaiwa. Kama hospitali unayoilenga haiajiri RN asiye na BSN, hapo hesabu inabadilika.

Shida yako ni hiyo 2016. Vyuo vingi havipokei sayansi iliyopita miaka 5 au 7. Waandikie barua pepe, jibu la mdomo halitakusaidia. Na ujaze FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali) mapema: kwa grini kadi unaruhusiwa, na ruzuku yake ya Pell hairudishwi.

Mama_wa_Wodi:
Mdogo wangu, LPN wazoefu hukwama pale wanapojibu mtihani kama wanavyofanya kazini. NCLEX-RN inataka ujue nani aonwe kwanza na kazi gani umkabidhi nani. Mfano: mmoja ana maumivu 6 kwa 10 siku ya pili baada ya upasuaji, mwingine anasubiri maelekezo ya kurudi nyumbani, wa tatu sukari yake imeshuka hadi 58 na anatoka jasho. Mazoea yatakupeleka kwenye dawa ya maumivu. Nenda kwa aliyeshukiwa na sukari. Kubadilisha bandeji ya mgonjwa aliyetulia mpe LPN, lakini mafundisho ya kuruhusiwa ni kazi yako RN.

Alama nazo: kozi za uuguzi mara nyingi hudai 75 au 78, na vyuo vingi ukifeli kozi mbili wanakutoa. Kwa hiyo usipige dabo (zamu mbili mfululizo) Jumapili usiku kama Jumatatu alfajiri una mazoezi wodini.

MamaZawadi:
Asanteni sana. Je, nikirudia sayansi, nichukue anatomia na mikrobiolojia muhula mmoja?

Zamu_ya_Usiku:
Hapana. Zote zina maabara. Anza na anatomia, itakubeba pia kwenye TEAS, mtihani wa kuingia masomo ya uuguzi: kati ya maswali 170, sayansi ni 50.