Skripti yangu ya nakala imejaza laptopu badala ya diski ya nje

picha_orofa_ya_tatu:
Wakuu, nisaidieni kabla sijaitupa hii mashine dirishani. Chini ni Tom Mboya Street, nitaumiza mtu.

Kazi yangu ni picha za pasipoti siku za wiki na harusi Jumamosi. Laptopu ni Fedora (aina ya Linux), SSD ya GB 512, na Btrfs, mfumo wa kupanga mafaili, ule unaokuja nayo tangu Fedora 33. /home, folda ya mafaili yangu, ina GB 180 hivi. Nilinunua diski ya nje ya TB 2, nikaifomati Btrfs pia, nikaandika skripti ambayo cron (kipanga kazi) ya root (msimamizi wa mashine) huiamsha saa mbili usiku nikishafunga duka. Mstari wa kwanza unapiga snapshoti, yaani nakala ya hali ya /home wakati huo, wa pili unaituma kwenye diski:

`btrfs subvolume snapshot -r /home /home/.akiba/$(date +%F)`
`btrfs send /home/.akiba/$(date +%F) | btrfs receive /mnt/nakala`

Siku za kwanza ilikwenda vizuri. Jumatatu stima ikapotea, laptopu ikazima maana betri yake imebaki jina tu. Iliporudi nikawasha, nikasahau kumaunti diski (kuiunganisha na folda ya /mnt/nakala), kazi ninayoifanya kwa mkono. Skripti haikulalamika, Jumatatu wala Jumanne. Jumatano asubuhi mteja ameketi mbele ya kitambaa cheupe, amevaa tai niliyomwazima, nabonyeza kuhifadhi: `No space left on device`.

Kumbe /mnt/nakala ndani ya laptopu kuna nakala nzima ya Jumatatu na nusu ya Jumanne. Ile ya Jumatatu nimeipiga `sudo rm -rf`, naambiwa `Read-only file system`. Naiondoaje? Na kwa nini ilikubali kuandika mahali ambapo hakuna diski?

fundi_ngara:
Pole dada. /mnt/nakala ni folda kama folda nyingine. Diski isipokuwepo juu yake, kinachoandikwa kinaangukia laptopu. Na kwa kuwa laptopu yenyewe ni Btrfs, amri ya receive ilijiona imefika kwake. Ungekuwa na ext4, mfumo mwingine wa mafaili, ingegoma palepale.

Snapshoti ya kusoma tu haiondoki kwa rm. Zote mbili zifute hivi, ukitaja tarehe yake:

`sudo btrfs subvolume delete /mnt/nakala/TAREHE`

Nafasi hairudi papo hapo, kernel (kiini cha Linux) husafisha polepole, usiogope. Kisha mstari huu uwe wa kwanza kwenye skripti:

`mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1`

Yaani kama diski haijamauntiwa, skripti inaishia hapo.

Mimi huongeza kufuli la pili. Diski ikiwa imetolewa, `sudo chattr +i /mnt/nakala`. Hapo hata root haandiki kwenye folda tupu, lakini diski ukiimaunti juu yake inafanya kazi kawaida. Weka pia UUID (namba ya utambulisho) ya diski kwenye /etc/fstab, faili la diski za kumauntiwa mashine ikiwaka, pamoja na `nofail`. Ukiisahau hiyo nofail, siku uliyoacha diski nyumbani laptopu itakwama ikiwaka.

mzee_wa_rsync:
Haya yote ya nini? ext4 na `rsync --link-dest` (programu ya kunakili mafaili), mchezo umekwisha. Ila nikiri: bila hiyo mountpoint, rsync ingekufanyia vilevile. Yamenikuta.

kijana_wa_seva:
Halafu unatuma GB 180 kila usiku? Huko ni kuhama nyumba nzima ili kupeleka kijiko. Tumia `-p`:

`btrfs send -p /home/.akiba/JANA /home/.akiba/LEO | btrfs receive /mnt/nakala`

Yanayosafiri ni mabadiliko pekee. Sharti snapshoti ya JANA iwepo pande zote mbili, kwa hiyo usiifute hadi ya leo ifike salama. Snapshoti za zamani kwenye laptopu zifute, maana harusi uliyoifuta mwezi jana bado inashikilia nafasi ndani yake. Juu kabisa weka `set -eo pipefail`. Bila hiyo bash, inayoendesha skripti, hutazama amri ya mwisho tu kwenye bomba (alama `|`): send ikianguka huenda usijue.

Na diski usiiache juu ya meza ileile. Mwizi hachagui.

picha_orofa_ya_tatu:
Asanteni sana. Nimefuta zote mbili, nikaenda kunywa chai, niliporudi nafasi imeshaanza kufunguka. Nimejaribu kwa kuchomoa diski makusudi: skripti imetoka kimya. Kimya hicho sikukipenda, nimeiongezea mstari unaoacha faili kwenye Desktop iitwayo DISKI_HAIPO.

Usiku wa jana zimepita GB 3 tu. Diski naibeba kwenye mkoba nikienda nyumbani, ila Jumamosi nikiwa harusini inabaki kwa jirani mwenye duka la viatu.

Mteja alirudi, picha yake nimempa. Tai bado anayo.