Mtoto hasikii: tuanzie wapi hapa Moshi?

MamaMajengo: Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka mitatu kasoro. Nikiangusha sufuria nyuma yake hageuki, ila lori la mchanga likipita anashika sakafu na kucheka. Aliyempima mara ya kwanza alisema "atasema tu, ni mvivu", tukapoteza mwaka mzima. Juzi kapimwa vizuri: masikio yote mawili, tatizo kubwa. Sasa shemeji ananirushia video za watoto wa China waliotibiwa kwa jeni wakasikia. Ni kweli? Tuuze kihamba, shamba letu la ukoo?

FundiKibosho: Usiguse kihamba, mama! Tiba ni ya kweli, majibu yalichapishwa 2024, lakini ni kwa wenye hitilafu ya jeni ya OTOF tu, na hao ni wachache. Ulizia kwanza shimesikio, vile vifaa vya kukuza sauti vinavyovaliwa sikioni, na kama hazitoshi, upandikizaji wa kifaa cha usikivu ndani ya sikio. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza upandikizaji huo 2017. Ila fanya haraka, ubongo hujifunza sauti utotoni.

DadaWaMwanga: Mimi ni kiziwi. Hospitali nenda, lakini lugha ya alama, ile ya mikono, mpe leo hii. Anza na alama chache: maziwa, njoo, lala, bibi. Kaa mbele ya uso wake, taa iwake. Mama yangu alijifunzia jikoni, mikono imejaa unga. Alama zake mpaka leo ovyo kabisa, na nazielewa zote.

MamaMajengo: Nimejaribu "maziwa". Kanitazama kama nimechanganyikiwa. Mara ya nne akairudisha, akanyoosha kikombe.