Semista moja ng'ambo: Napoli ama Bayreuth? Waliotangulia nisaidieni

Mwana_Maweni
Asalamu aleikum na hamjambo nyote. Nimechaguliwa kwenda kusoma semista moja nje na nimeambiwa nichague mwenyewe kati ya vyuo viwili, L'Orientale ya Napoli kule Italia ama Bayreuth Ujerumani. Jibu latakiwa kabla ya Ijumaa. Hapa nyumbani kila mtu ana lake, baba asema Italia kwa vile sisi Malindi Waitaliano twawajua, mamangu hataki popote. Nyinyi mungechagua wapi? Tafadhali msinizungushe, Ijumaa si mbali.

Kaskazi_Kavu
Wasomea nini? Mwaka wa ngapi? Nani analipa? Semista ya mwezi gani? Umeuliza kama mtu anayechagua tuktuk na bodaboda pale sokoni.

Ciao_Silversands
Napoli, wala usijisumbue. Mtu wa Malindi Kiitaliano hafundishwi, azaliwa nacho. Mimi sijaingia darasani hata siku moja lakini nakaa na Mtaliano asubuhi hadi jioni twaongea na kucheka. Huko Ujerumani utaongea na nani?

Kaskazi_Kavu
Kiitaliano cha kuuza vinyago na kupeleka watu kuona pomboo Watamu si cha kuandikia mtihani kaka.

Ciao_Silversands
Wivu huo.

Bibi_wa_Barani
Mwanangu, paspoti unayo? Kwanza hilo. Mjukuu wangu alipata nafasi kama hiyo, barua ikaja, sherehe ndogo tukafanya, paspoti ikaja ndege ishaondoka zamani.

Mwana_Maweni
Shikamoo bibi. Paspoti ninayo. Niko mwaka wa tatu, ualimu. Semista sijaelezwa vizuri, nafikiri ni ile ya Oktoba.

Kaskazi_Kavu
Swali la pesa umeliruka kama dimbwi.

Mwana_Maweni
Sikuliruka jamani nilikuwa naandika. Napoli ni kupitia Erasmus+, ule mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, kwa hivo kuna posho ya kila mwezi na nauli. Bayreuth ni kubadilishana tu kati ya vyuo, karo silipi ila kula na kulala juu yangu. Lakini nina khalati yangu ameolewa Nürnberg na amesema nitakaa kwake. Masomo yangu ni Kiswahili na Historia.

Kaskazi_Kavu
Kumbe khalati alikuwa mfukoni muda wote huu! Haya sikiliza. Erasmus+ posho yake ni kati ya yuro 800 na 900 kwa mwezi kulingana na nchi, hiyo mwanafunzi ataishi. Ujerumani bila skolashipu watataka uonyeshe una pesa za kuishi, na kipimo chao tangu 2024 ni yuro 992 kwa mwezi, unazifungia kwenye akaunti maalum na kuzitoa kidogo kidogo. Miezi sita hiyo karibu yuro elfu sita, kwa shilingi zetu wagusa laki tisa. Babako ana laki tisa zimelala tu? Kama hana basi khalati ama mumewe aende ofisi ya wageni ya huko kwao aandikishe dhamana rasmi kwamba yeye ndiye atakayekulisha. Si barua ya "namkaribisha mtoto wa dadangu", ni kifungo cha kisheria, waangalia na mshahara wake. Muulize kama yuko tayari kwa HILO, maana kusema utakaa kwangu kwenye simu ni rahisi.

Tuktuk_Namba9
Ngoja kwanza mimi sijaelewa. Utoke Malindi, upande ndege, ukafundishwe KISWAHILI na Mjerumani? 😂😂😂

Mwamu_Asilia
Cheka tu ndugu yangu. Bayreuth wana kongamano la Kiswahili tangu 1987 na karibu kila mwaka hulifanya, watoka watu Dar, Nairobi, Zanzibar kwenda kusoma makala zao huko. Na hizo hati za tenzi zetu za Amu na Pate zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ukizitaka sana waenda kuziona London pale chuo cha SOAS ama Hamburg. Waliandika wazee wetu, zikahifadhiwa na wengine. Mtoto akienda akaziona mimi nampa baraka. Ila hilo kongamano huwa Mei ama Juni, kwa hivo dada kama wakupeleka Oktoba hadi Februari utalikosa, uliza kama waweza kupewa semista ya Aprili.

Ukhti_Ngomeni
Mbona mwasema kama Napoli hawana? L'Orientale Kiswahili chafundishwa pia, na si jana wala juzi.

Tuktuk_Namba9
Wazungu wote wasoma Kiswahili na sisi hapa twaandika sheng. Mwisho watatusahihisha.

Mwamu_Asilia
Washatusahihisha. Na nyinyi watu wa Malindi ndo wa kwanza kuhitaji.

Tuktuk_Namba9
Haya Amu imeanza. Punda wenu wajua kusoma pia?

Karani_Mstaafu
Nyamazeni kidogo nimweleze mtoto. Mimi nilienda Ujerumani miaka ya nyuma, mji na chuo sivitaji maana sina ugomvi nao, ugomvi wangu uko hapa nyumbani. Niliondoka na ile fomu ya mkataba wa masomo imejazwa masomo matano, mihuri imepigwa, kila kitu safi. Nafika Oktoba naambiwa mawili yafundishwa kwa Kijerumani, na la tatu halifundishwi hadi Aprili. Sawa, nikabadilisha, nikapata mengine matatu mazuri tu, nikamwandikia mratibu wa huku barua pepe kumweleza. Kimya. Nikaandika tena, kimya. Mimi nikajiambia kimya ni ridhaa, kama mwari akiposwa. Mihadhara na mitihani ikaisha Februari, narudi nakuta wenzangu semista yao ilianza Januari wako wiki ya saba, nikaingia hivyo hivyo kama mtu aliyeamka usingizini. Matokeo yangu yakaja Mei. Na yalipokuja ndo kichekesho chenyewe, kule 1.0 ndo alama ya juu kabisa na 4.0 ndo ya mwisho kupita, mimi nilikuwa na 1.7 na 2.0 nikitembea kifua mbele, karani wa idara akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi kwa huruma, akaniambia pole kijana, ujitahidi mara nyingine. Wallahi. Nikaenda kuleta jedwali la kufafanua alama, wakasema haya tumeelewa, lakini haya masomo matatu nani aliyeyaidhinisha, sahihi iko wapi? Nikawaonyesha barua pepe zangu. Wakasema hizo ni zako wewe, tuonyeshe ya aliyekujibu. Nikarudia semista nzima. Siku ya mahafali ya wenzangu mimi ndiye niliyekuwa napiga picha. Kwa hivo kabla ya mji, muulize mratibu wako masomo yakibadilika nani atatia sahihi na kwa muda gani, maana yatabadilika tu.

Kaskazi_Kavu
Mzee "pole kijana ujitahidi" imeniua 😂 lakini ni kweli. Semista kule ni krediti 30, huku twahesabu vingine, bila karatasi hakuna anayekukubalia.

Ciao_Silversands
Si nilisema? Ujerumani shida tupu. Italia hawana mambo hayo.

Ukhti_Ngomeni
Italia wana yao kaka usimdanganye mtoto. Mimi nimekaa Italia semista moja, si Napoli, kaskazini. Alama zao ni juu ya 30 na kupita ni 18, na mitihani mingi ni ya mdomo, wakaa mbele ya profesa na wenzako nyuma wakusikiliza, mimi wa kwanza nilitetemeka hadi jina langu nikalisahau. Halafu ukifika una siku nane za kazi uwe ushaomba kibali cha kukaa, wachukua bahasha ya fomu posta, wanunua stempu ya yuro 16, wapewa risiti na tarehe ya kwenda polisi kutoa alama za vidole. Ile risiti ilinde kama roho yako. Kadi yangu mimi ilitoka nikiwa nishafika hapa nyumbani naumua mahamri. Na posho usiihesabu kabla haijaingia, ya kwanza niliipata wiki ya tano, nisingekuwa na akiba ya mamangu ningelala njaa.

Tuktuk_Namba9
Ngomeni si ndo kule Waitaliano walikuwa wakirusha satelaiti?

Ukhti_Ngomeni
Ndiyo, kwenye lile jukwaa la baharini, ya kwanza 1967. Babu yangu alikuwa aisimulia kila Idi.

Ciao_Silversands
Unaona sasa, Italia na sisi ni damu.

Bibi_wa_Barani
Mwacheni huyo na damu yake. Mwanangu, mamako hataki kwa sababu gani? Hilo hukulisema.

Mwana_Maweni
Asema baridi bibi. Na asema nitakula nini na nitaswali wapi. Na kwamba Napoli sina mtu. Nafikiri Ujerumani angekubali kwa sababu ya dadake, ila baba ashika pesa na pesa ziko Italia.

Karani_Mstaafu
Chakula si tatizo, Ujerumani maduka ya Waturuki yako kila mji, nyama halali utapata. Jua ndilo litakalokushangaza. Bayreuth Disemba magharibi ni saa kumi na robo, watoka darasani wafikiri ni usiku wa manane. Khalati naye yuko Nürnberg, hiyo ni treni kama saa nzima kwenda na nyingine kurudi, kila siku, na theluji. Na ukikaa kwake akuandikishe anwani ndani ya wiki mbili, usingoje.

Ukhti_Ngomeni
Napoli baridi yake ni ya kuvumilika, bahari iko. Mimi mamangu alikubali nilipomkutanisha kwenye simu na dada mmoja Mkenya aliyekuwa huko tayari. Mwambie mratibu akutafutie mtu kama huyo, wakiongea wao kwa wao mambo hulainika.

Mwana_Maweni
Ahsanteni sana. Kesho naenda kwa mratibu kuuliza la sahihi na la Aprili. Khalati nimempigia kuhusu ile dhamana, amesema ataongea na mumewe, sauti ilibadilika kidogo.

Kaskazi_Kavu
Hapo sasa.

Tuktuk_Namba9
Dada ukienda popote nina koti zito la mtumba nilitoa Kongowea, la baridi kabisa, lina manyoya kwenye kofia. Malindi hapa silivai popote. Elfu mbili mia tano.

Bibi_wa_Barani
Ulinunua la nini?

Tuktuk_Namba9
Lilikuwa zuri bibi.

Ukhti_Ngomeni
Saizi gani? Nina mdogo wangu aenda Limuru mwezi ujao.