Ushauri: Natangulia ukweni Marangu Desemba na mtoto wa miezi 14, nijiandae vipi?

BintiWaSingida
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Naishi Njiro hapa Arusha, kwetu Singida, mume wangu kwao Marangu, Kilimanjaro. Ukweni nimefika mara moja tu, tulienda asubuhi tukarudi jioni. Safari hii mama mkwe ameomba niende mapema na mjukuu, nikae wiki mbili. Mume hapati ruhusa kazini mpaka tarehe 24, kwa hiyo napanda peke yangu na mtoto wa mwaka na miezi miwili.

Naomba mnisaidie haya. Nisafiri siku gani na kwa gari gani na mtoto huyu? Nibebe nini cha kupeleka? Na mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, unapikwaje sawasawa? Nimejaribu mara mbili hapa nyumbani, umetoka wa kahawia na unanata. Sitaki kufika pale niwe mgeni wa kukaa kwenye kiti wiki nzima. Natamani kuingia jikoni na kusaidia kweli.

AlfajiriStendi
Marahaba dada, hongera kwa kuitwa mapema.

Siku kwanza. Usiache ikafika tarehe 22. Kuanzia hapo hadi 24 wanaotoka Dar na mikoani wanakutana wote barabara ya Moshi, magari yanajaa na nauli inapandishwa kiholela. Nenda tarehe 18 au 19, iwe siku ya kazi, na uwe stendi saa 1 asubuhi. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80. Kwa Coaster hesabu saa moja na nusu hadi mbili, maana inasimama Tengeru, Usa River, Kikatiti, Bomang'ombe na kila panapoinuliwa mkono.

Chagua Coaster iliyokaribia kujaa. Iliyo tupu itakuweka stendi saa nzima, na mtoto atakuwa amechoka kabla ya safari kuanza. Kaa upande wa kushoto, siti ya dirishani, katikati ya gari. Desemba jua liko kusini, na unapokwenda Moshi asubuhi linapiga upande wa kulia. Kushoto kuna kivuli, na mlima uko upande huohuo kama mawingu yatauacha. Siti ya nyuma kabisa inarusha, mtoto atatapika. Mlishe saa moja kabla ya kupanda, njiani mpe maji kidogo kidogo au mnyonyeshe.

Wapiga debe watataka kukupokea mizigo kabla hujasema unakwenda wapi. Mtoto mgongoni, begi dogo kifuani, begi kubwa liingie buti ukiliona kwa macho yako. Nauli mpe konda ukiwa ndani ya gari, na udai tiketi. Nauli halali ni ile iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Tiketi yenye namba ya gari ndiyo ushahidi wako wakikuzidishia, na ndiyo itakayokusaidia ukisahau mzigo.

Moshi, tafuta stendi gari la moja kwa moja linaloandikwa Marangu Mtoni. Usikubali la kukushusha Himo njiapanda eti utaunganisha. Pale kuna jua na vumbi, na magari yanayopita yameshajaa tangu Moshi. Ukishafika Mtoni usipande bodaboda na mtoto na mizigo, kwa sababu njia za kuingilia vihambani (mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba) zina mteremko na Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa hazijaisha, udongo unateleza. Mpigie shemeji yako ukiwa Himo, aje akupokee Mtoni.

BibiMshare
Mwanangu, mtori unakuwa wa kahawia na kunata kwa sababu zinazojulikana, na zote zinarekebishika.

Ndizi ya mtori ni mshare. Ukinunua ndizi bukoba utapata chakula kizuri lakini si mtori huu, na mzuzu ni wa kuchoma na kukaanga. Kwa hapo Arusha nenda soko la Tengeru Jumatano au Jumamosi, siku zake za gulio, uombe mshare uliokomaa. Utaujua kwa vidole vyake: pembe za ganda zimeanza kujaa na rangi bado ni kijani kibichi. Pembe zikiwa kali kama kisu, ndizi ni changa, itakuwa na ukakasi. Ganda likianza kuwa na njano, mtori utakuwa mtamu kama uji wa mtoto.

Kwa watu sita: mshare 12 wa wastani, nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 1 (ubavu unafaa sana), vitunguu maji 2, maji lita 3, chumvi, samli vijiko 2 vya chakula au maziwa kikombe kimoja.

Chemsha nyama kwanza na kitunguu kimoja. Moto uwe mdogo baada ya kuchemka, uengue povu, uiache saa moja na nusu mpaka inaachia mfupa. Toa nyama, ichambue, supu iache sufuriani. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanachemsha ndizi kwa maji matupu na kumwaga supu juu mwishoni. Ndizi inatakiwa iive ndani ya supu.

Kumenya: paka mafuta ya kupikia kiganjani na kwenye kisu, vaa khanga ya zamani maana doa la utomvu halitoki. Kata ncha zote mbili, chana ganda kwa urefu, lisukume kwa dole gumba. Kisha kwangua zile nyuzi na ngozi nyembamba iliyobaki juu ya ndizi. Hiyo ndiyo inayoleta rangi ya kahawia, pamoja na kuziacha ndizi wazi hewani. Kila unayomenya itumbukize papo hapo kwenye maji baridi.

Tia ndizi na kitunguu cha pili kwenye supu inayochemka, supu izifunike kwa vidole viwili. Dakika 25 hadi 30. Ukichoma kwa uma na ndizi ikapasuka yenyewe, tayari. Sasa chota supu vikombe viwili uweke pembeni, halafu ponda kwa mwiko au pekecha kwa kipekecho cha mti. Ponda kwa kubonyeza, usikoroge kwa nguvu muda mrefu. Rudisha supu kidogo kidogo mpaka upate uzito wa uji mzito unaoteleza kwenye upawa. Rudisha nyama, tia samli, dakika tano kwa moto mdogo.

Ukitumia maziwa, yapashe moto kwanza na uyatie baada ya kuepua. Yakichemka na ndizi yanaweza kukatika.

Kunata kwako nadhani umetumia mashine ya kusagia. Ile inasaga wanga mpaka unakuwa gundi.

NyanyaKaroti
Nakubaliana na Bibi ila kwa watoto karoti mbili zilizokwanguliwa hazidhuru, na nyanya moja huleta ladha.

BibiMshare
Karoti sina ugomvi nayo. Nyanya hapana. Mtori ni chakula cha mzazi na mgonjwa, unatakiwa uwe mwepesi tumboni na mweupe, ladha yake itoke kwenye mfupa na samli. Nyanya iende kwenye machalari, huko ndizi hazipondwi. Akipika mtori mwekundu mbele ya mama mkwe atakula kwa heshima tu.

Mjukuu naye chota chake kabla hujatia chumvi, na nyama yake isage kwa mkono ukitafuta vipande vya mfupa. Ubavu huacha vijiti vidogo vinavyokwama kooni.

BintiWaSingida
Aika (asante) sana Bibi. Ni kweli nilitumia mashine, na ndizi nilizimenya zote kwanza nikaziacha kwenye sinia. Mikono ilikaa myeusi siku tatu.

Zawadi je? Mume anasema mchele na sukari vinatosha.

BibiMshare
Mikono ikishashika utomvu, anza na mafuta tena, sugua, ndipo sabuni ifuate. Maji yakitangulia hayautoi.

KapuLaMama
Mchele ndiyo. Wa Magugu unapatikana soko la Kilombero, kilo 10 zinatosha, na watu wa mlimani wanaupenda kwa harufu yake. Sukari usiitoe Arusha. Kiwanda cha TPC kiko hapo hapo chini ya Moshi, nunua dukani Moshi au Marangu Mtoni ukishafika, upunguze kilo tano mgongoni.

Ila hayo mtu yeyote anaweza kupeleka. Wewe umetoka Singida, peleka cha Singida. Mafuta ya alizeti dumu la lita 5 na asali chupa mbili vitamweleza mama mkwe umetoka kwa watu gani. Waambie wa kwenu wakutumie mapema kwa basi. Dumu: fungua kifuniko, tandika kipande cha nailoni mdomoni, kaza kifuniko juu yake, kisha lifunge ndani ya mfuko wa salfeti likiwa wima. Likilala, joto la Bomang'ombe na Himo linatanua hewa iliyo ndani na mafuta yanatafuta njia. Lisikae begi moja na nguo za mtoto.

Mama mkwe mpe khanga au kitenge mkononi mwake, si mbele ya watu wengi. Baba mkwe blanketi. Basi. Ndizi na parachichi usinunue njiani hata uone bei nzuri Kwa Sadala, maana unakwenda zinakotoka.

MtuWaMfongo
Mimi nitaongelea kihamba, kwa sababu hapo ndipo mgeni anapokosea bila kujua.

Utaona mmea wenye majani marefu mithili ya mkuki, umepandwa mipakani na makaburini. Hilo ni isale. Usilichume kupamba meza wala kumpa mtoto achezee. Kwa Wachaga ni jani la kuombea msamaha na la kuweka mpaka, na ukiling'oa lililo mpakani unaweza kuamsha maneno kati ya majirani.

Mfereji unaopita shambani, mfongo, usifulie nepi ndani yake. Walio chini yako wanayatumia maji hayohayo, na kila nyumba ina zamu yake ya kufungulia shambani. Chota kwa ndoo, fulia pembeni, maji machafu mwaga kwenye migomba.

Kazi za kujitolea zinazoonekana: kumenya ndizi asubuhi, kuchambua maharage ya kiburu (ndizi zinazopikwa na maharage), kukata majani na migomba ya kulisha ng'ombe kama zizi lipo. Siku ya kuchinja usikate nyama mpaka uambiwe. Kila kipande kina mwenyewe kwa desturi ya ukoo, na wanaume ndio wanaogawa.

Jiko la kuni lina moshi mzito. Mtoto wa miezi 14 asikae mgongoni mwako humo saa nzima, kifua kitambana. Wewe ingia jikoni, yeye mwachie wifi au bibi yake nje.

AlfajiriStendi
Naongeza mavazi ya mtoto. Wengi wanadhani Marangu ni barafu. Marangu Mtoni haijapishana sana na Arusha kwa mwinuko, zote ni kwenye mita 1,300 hadi 1,400 hivi, ila vijiji vya juu karibu na geti la hifadhi vinafika mita 1,800. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6. Tatizo ni njia: unatoka Arusha kuna ubaridi, unashuka Bomang'ombe, Moshi na Himo kuna joto kali, kisha unapanda tena. Mvalishe tabaka: fulana ya pamba, shati, sweta la kufungua mbele. Sweta livuliwe mkifika KIA, kwenye uwanja wa ndege, livaliwe tena mkiiacha Himo. Mtoto aliyelowa jasho ndiye anayeshikwa na baridi akifika juu.

Kadi ya kliniki na kadi ya bima viwe begi dogo. Hospitali ipo Marangu na nyingine Kilema, KCMC iko Moshi mjini. Kama chanjo ya miezi 18 itaangukia safari nyingine, andika tarehe sasa.

BintiWaSingida
Nimeandika yote daftarini. La mwisho: wakati wa kurudi najua nitafungashiwa. Mara ya kwanza nilipewa mkungu, nusu ukaiva haraka, nusu ukachubuka. Na baba mkwe hutaka kumtumia rafiki yake mbege, pombe ya ndizi na ulezi.

KapuLaMama
Mkungu mzima hausafiri kwenye buti la Coaster. Omba ukatwe jioni ya siku ya kuamkia safari, utenganishwe chane chane kwa kisu kikali, kila chane ibaki na kipande cha shina lake. Zilaze kichwa chini juu ya majani mpaka asubuhi, utomvu uchuruzike wote. Kisha zipange ndani ya salfeti, majani makavu ya mgomba kati ya kila chane na chane, tumbo la ndizi likitazama ndani. Usitumie mfuko wa nailoni, zitatoa jasho na kuoza shingoni. Chane nne hadi tano kwa salfeti moja, zaidi ya hapo za chini zinabonyea.

Parachichi na ndizi mbivu ziende mfuko mwingine kabisa. Tunda linaloiva hutoa hewa inayoivisha yaliyo jirani, ndiyo iliyokuharibia mara ile. Parachichi zichumwe na kikonyo chake, zikiwa ngumu.

Kurudi, ama tarehe 28 au 29, ama subiri wiki ya kwanza ya Januari ipite. Kuanzia tarehe 2 magari yanakuwa na watu wengi kuliko yalivyokuwa Krismasi.

BibiMshare
Mbege inaendelea kuchachuka ndani ya dumu. Dumu la lita 5 lijazwe lita tatu na nusu tu, kifuniko kilegezwe robo mzunguko, na lisimame miguuni pako ulione. Ukikaza, litavimba kabla hujafika Usa River. Mwambie baba mkwe aiweke ile iliyotiwa ulezi asubuhi hiyohiyo, ya jana itafika kali na mashapo yatakuwa yamepanda juu. Akiipokea, rafiki yake aikoroge kwanza ndipo aimimine.

BintiWaSingida
Nimekata shauri: Jumatano naenda Tengeru kununua mshare 12, naanza na ubavu kilo moja. Tarehe 18 napanda gari.